Siri, Subira na Tiketi ya Julai

Ujumbe wa leo ni mrefu kuliko kawaida, kwa hivyo kama uko ndani ya matatu na konda ameanza kukusanya nauli, uweke kando uusome jioni. Leo nataka tuongee kuhusu sinema. Ndiyo, sinema. Wale ambao huniandikia kwamba mchungaji hana shughuli na mambo hayo, nawapenda, na ninawaomba mnivumilie.

Kuna Mwingereza mmoja anaitwa Christopher Nolan. Ni mwelekezi wa filamu. Hata kama jina hulijui, huenda kazi yake umeiona, maana sidhani kuna duka la muvi hapa Githurai 45 ambalo halijawahi kumjazia mtu flashi na filamu zake. Ile Batman ya 2008, ya yule mwovu aliyejipaka rangi usoni, ni yake. Inception ya 2010, ndoto ndani ya ndoto, ni yake. Oppenheimer ya 2023, ya yule mwanasayansi aliyeongoza kazi ya kuunda bomu la atomiki, ni yake pia, na Machi 2024 ilibeba Oscar 7, ikiwemo ya filamu bora na ya mwelekezi bora.

Sasa huyu ndugu ana filamu mpya. Inaitwa The Odyssey, na tarehe iliyotangazwa ni 17 Julai 2026. Watu wanaingoja kila pembe ya dunia, na ni wachache mno wanaojua mwenyewe ameiunda vipi.

Nikuambie anavyotunza siri. Simu janja hana. Barua pepe hatumii. Skripti ya Oppenheimer ilichapishwa kwa wino mweusi juu ya karatasi nyekundu, ili ukiiweka kwenye mashine ya fotokopi usipate kitu cha maana. Cillian Murphy, aliyekuwa staringi wa filamu hiyo, hakutumiwa kurasa kwa simu wala kwa posta. Nolan alipanda ndege hadi Dublin, akampa asome hapohapo hotelini. Robert Pattinson alipoitwa kwa kazi ya Tenet alifungiwa chumbani na skripti, akasoma, akatoka, skripti ikabaki. Mzee Michael Caine, waliyefanya kazi pamoja miaka na mikaka, kwa Tenet alipewa zile kurasa zake tu. Na walipokuwa wakipiga picha za ile Batman ya 2008, waliificha chini ya jina bandia, Rory's First Kiss. Ungedhani ni muvi ya mapenzi ya wanafunzi wa chuo.

Lakini lililonishangaza zaidi ni tiketi. Tarehe 17 Julai 2025, mwaka mzima kabla, kumbi chache zenye mashine za filamu ile pana ya milimita 70 zilianza kuuza viti vya maonyesho ya kwanza. Vingi vikaisha haraka. Fikiria hilo, mpendwa. Siku hiyo upigaji picha wenyewe ulikuwa haujakwisha. Waigizaji walimaliza Agosti. Watu walilipia kitu ambacho hata mwenyewe alikuwa bado hajamaliza kukitengeneza. Mimi nikimwambia mtu hapa sokoni anilipe leo kwa gunia la viazi la mwaka ujao, ataniuliza kama nimelala vizuri.

Na kazi yenyewe si ndogo. Nolan amesema walitumia zaidi ya futi milioni 2 za filamu, na yote ni kwa kamera za IMAX, jambo ambalo halijawahi kufanywa kwa filamu nzima ya aina hii. Nilipiga hesabu. Futi milioni 2 ni kilomita 600 na kitu. Utepe huo ukiutandaza kuanzia hapa steji ya 45, unafika Mombasa, unavuka feri, na bado unabaki.

Sasa kwa nini namwandikia mtu wa Githurai mambo haya? Kwa sababu ya kijana mmoja wa kanisa letu. Amenipa ruhusa niandike, bora nisitaje jina, nami nitaiheshimu ruhusa hiyo.

Ana miaka 22. Usiku anashusha vitunguu na nyanya sokoni, lori zikiingia saa nane, saa tisa. Jumapili ndiye anakaa kule nyuma kwenye mitambo ya sauti, na ukisikia maikrofoni haipigi kelele, mshukuru yeye. Tangu mwaka jana ana kile kisanduku cha mbao cha kuwekea akiba wanachouza pale barabarani, kile usichoweza kufungua bila kukivunja. Kila asubuhi akitoka sokoni anatumbukiza kitu. Hamsini, thelathini, siku mbaya kumi. Pesa hiyo ni ya siku moja tu: aende mjini, aingie ule ukumbi wa IMAX wa Mama Ngina Street, aione The Odyssey kwenye kile kioo kikubwa. Nauli, tiketi, na soda. Bisi amesema atanunua hapa kwa mama wa steji aziingize kwa siri ndani ya jaketi. (Hilo silibariki, lakini nimelielewa.)

Jumanne moja jioni shangazi yake alikuja kuniona. Ndiye aliyemlea. Akakaa, akafunga leso vizuri, akasema, "Pasta, nimekuja kwa sababu wewe anakusikia. Huyu mtoto ana pesa ndani ya nyumba na amekataa kuitoa. Anasema ni ya sinema. Na mimi nimepata habari za baba yake."

Hapo nikaweka kikombe chini.

Nitarudi kwa shangazi. Kwanza niruhusu nieleze kitu kuhusu sisi na sinema, kwa sababu bila hicho huwezi kumwelewa huyu kijana.

Sisi wa zamani kidogo tulijua vibanda vya video. Mabati, mabenchi, televisheni moja juu ya kabati lenye kufuli, na jasho. Mle ndani siri haikuwepo. Kulikuwa daima na mmoja aliyeshaiona, anakaa mbele kabisa, naye anakutangulia: "Huyu sasa atauawa. Huyu ni msaliti. Ngojeni muone." Baadaye wakaja wale wanaotafsiri, na DJ Afro akawapita wote, sauti yake ikawa ndiyo muvi yenyewe. Watu wakaacha kuuliza filamu imetengenezwa na nani, wanauliza kama ni ya Afro. Na pale kibandani kulikuwa na sheria moja ambayo kila mtoto aliijua: staringi hafi. Apigwe risasi, atupwe mtoni, azikwe akiwa hai, sisi tunaendelea kula karanga. Hafi. Tulikuwa tunangoja mwisho ambao kwa kweli tulishaujua.

Ndiyo maana namwona huyu kijana kama mtu wa aina mpya. Julai 2025, kabla trela fupi ya The Odyssey haijatolewa kwa njia yake, mtu aliivujisha kwenye mitandao. Wenzake wa sokoni walikuwa nayo kwenye simu kabla hata ya saa ya chai. Wakamwekea mbele ya macho. Akageuza uso. Nilimwuliza kwa nini, akanijibu, "Pasta, mwenyewe hajasema nione." Nimewahi kuhubiri kuhusu subira mara nyingi sana, na sikuwahi kupata sentensi fupi kama hiyo.

Na pia kuna Lupita. Dada yetu Lupita Nyong'o yumo ndani ya The Odyssey. Alipotangazwa kuwa mmoja wa waigizaji, hakuna aliyeambiwa anacheza kama nani, na watu wakaanza kubishana. Kwake si jambo geni. Mwaka 2015 alikuwa ndani ya Star Wars na uso wake hukuuona hata mara moja, kwa sababu walimgeuza kwa kompyuta kuwa kiumbe kidogo cha miwani mikubwa. Mkumbuke Februari 2018, Black Panther ilipozinduliwa Kisumu, mji wa kina Lupita, watu walivyojaa. Mkenya akisikia mmoja wetu yuko ndani, anangoja kwa namna nyingine. Anangoja kama mtu wa familia.

Sasa sikiliza hadithi yenyewe, maana hapa ndipo mambo yanapoanza kuwa na uzito.

Siri yote hiyo ya karatasi nyekundu na milango iliyofungwa inalinda hadithi ambayo ina zaidi ya miaka 2,500. Iliimbwa na Wagiriki wa kale, na mtunzi anayetajwa ni Homer. Hakuna kilichofichwa. Ukiingia maktaba utaipata. Odysseus, mfalme wa kisiwa cha Ithaca, anaenda vita vya Troy. Vita vinachukua miaka 10. Kurudi nyumbani kunachukua miaka mingine 10, kwa dhoruba, majitu, na watu waliomzuia njiani. Alipoondoka mwanawe Telemachus alikuwa mchanga. Miaka 20 nyumba haina baba na hakuna barua. Hakuna anayejua kama ni mzima au ni mfu.

Na nyumbani kumejaa wanaume wanaotaka kumwoa mkewe, Penelope. Wanakula ng'ombe wake, wanakunywa divai yake, wanamwambia, mama, kubali tu, huyo hayuko tena. Penelope akawaambia, ngojeni nimalize kufuma sanda ya baba mkwe wangu, halafu nitachagua. Mchana akafuma. Usiku akawasha taa akaifumua. Akawazungusha hivyo miaka mitatu. Hata kuna mbwa, Argos, aliyeachwa mdogo na mwenyewe. Baada ya miaka 20 Odysseus anarudi amejifanya ombaomba, hakuna anayemtambua, lakini yule mbwa mzee, amelala juu ya samadi, anamsikia, anatikisa mkia, na anakufa.

Wanawake wa kanisa letu, nikiwaambia hadithi hii sihitaji kuwaeleza. Githurai ina akina Penelope wengi kuliko Ugiriki. Kuna aliyeenda Saudia kwa mkataba wa miaka miwili, huu ni wa saba. Kuna aliyeenda mjini kutafuta kibarua akavuka Thika Road na hakuvuka tena kurudi. Kuna ambao simu zao huita mwezi Desemba tu. Na wanaobaki nyumbani wanaambiwa na kila mtu, kubali tu. Tena wanaambiwa na watu wanaokula chakula chao.

Sasa kijana wetu. Baba yake aliondoka akiwa darasa la tatu. Alisema anaenda Mombasa, kuna kazi bandarini, akae miezi mitatu. Hiyo ni miaka 13 sasa. Mama alifariki baadaye, na dada ya yule baba, huyu shangazi, akamchukua mtoto.

Wiki ile aliyonijia, shangazi alikuwa amepigiwa simu. Mwanaume, sauti nzuri, Kiswahili cha pwani. Akasema anamjua ndugu yake. Akasema yuko hai, amekuwa mgonjwa, yuko mahali fulani, na kuna mambo ambayo hawezi kuyasema kwenye simu. "Ni siri, mama. Tuma elfu tano ya kuanzia, mengine utaambiwa. Na usimwambie mtu, utaharibu." Akamtajia jina la ndugu yake, jina kamili. Akamtajia na kijiji.

Mpendwa, usicheke. Usiseme wewe usingeamini. Wewe hujakaa miaka 13 ukiangalia mlango. Shangazi alilia pale mbele yangu, mama mzima, akasema, "Hata kama ni uongo, Pasta, si angalau nitakuwa nimejaribu?" Alikuwa na elfu tatu. Elfu mbili zilikuwa ndani ya kile kisanduku cha mbao.

Nikamwita kijana. Akaja na vumbi la magunia mabegani. Nikatarajia waanze kugombana. Kijana akasema kwa upole, "Shangazi, mimi sijakataa. Nilisema kwanza nimwulize kitu kimoja."

Na hapa naomba nikueleze kipande cha hadithi ya Odysseus ambacho nilikiruka makusudi.

Odysseus anaporudi na kuwashinda wale wanaume, mwanawe anamkubali. Watumishi wanamkubali. Penelope hamkubali. Anakaa upande wa pili wa moto anamtazama tu. Telemachus anamkasirikia mama yake, anamwona ana moyo mgumu. Mama anamjibu kwamba wao wawili wana alama zao ambazo hakuna mwingine anazijua. Halafu anamwambia mtumishi, kana kwamba ni jambo la kawaida, toa kile kitanda cha ndoa nje umtandikie mgeni. Odysseus anashtuka. Nani amekihamisha kitanda changu? Kwa sababu kitanda kile alikiunda mwenyewe, na nguzo yake moja ni shina la mzeituni lililo hai, limeota ardhini, nyumba imejengwa kulizunguka. Hakihamishiki. Na hilo walilijua wao wawili na mtumishi mmoja. Hapo ndipo Penelope alipomkimbilia akilia.

Kijana alikuwa ameisoma hadithi yote kwenye simu, kwa bando la usiku, kati ya lori na lori. Aliisoma kwa sababu ya filamu. Shule hawakuifundishwa. Alitaka kujua anangoja nini.

Basi tukampigia yule mtu, hapo ofisini, spika imewashwa. Kijana akasalimia vizuri sana. Akasema pesa ipo, inatumwa sasa hivi. Akasema, "Mwambie baba nina swali moja tu. Nikiwa darasa la tatu, kabla hajaondoka, alinitengenezea kitu kwa waya. Ni kitu gani?"

Kimya. Halafu yule mtu akacheka kidogo, akasema ngoja nimwulize. Tukasikia kama anafunika simu. Akarudi. "Anasema ni gari. Anasema uliipenda sana."

Kijana akasema, "Si gari."

Simu ikakatika. Tulipojaribu tena ilikuwa imezimwa.

Unaweza kudhani shangazi alifurahi kwa kuokoa elfu tano. Hapana. Alimgeukia kijana kwa hasira ambayo sijawahi kuiona kwake. "Umefunga mlango! Labda ni mgonjwa, labda amesahau! Mtu akiugua hukumbuka waya?" Akaondoka bila kunywa chai. Na mimi siwezi kukuambia kwamba hakuwa na haki ya kukasirika. Dakika ishirini hivi alikuwa na ndugu. Kijana alimpokonya.

Nimelifikiria jambo hili kwa wiki nyingi, na nitakuambia ninachoamini. Tunaishi katikati ya watu wanaouza siri. Wakala anakwambia mpango wa Qatar upo ila usiulize maswali. Jirani ana biashara ya pesa kuzaa pesa, lakini lazima uingie kwanza ndipo uelezwe. Na samahani, lakini nitalisema: ziko mabango hata kwenye kuta zetu za Githurai, "Usikose Jumapili hii, siri ya maisha yako itafunuliwa," na ukifika unakuta ndoo ya sadaka imetangulia siri. Wote hawa wanatumia njaa ileile anayoitumia Nolan. Mwanadamu akinyimwa kuona, anasogea karibu.

Kwa hivyo usiniulize kama kuficha ni kubaya. Uliza huyu anayeficha amewahi kufungua mkono? J. J. Abrams, mwelekezi wa ile Star Wars ya Lupita, naye ni mtu wa siri. Mwaka 2007 alitoa hotuba maarufu akaonyesha sanduku la mazingaombwe alilolinunua tangu zamani kwenye duka la New York, dola 15, limeandikwa alama kubwa ya kuuliza. Hajawahi kulifungua. Anasema anapenda lile fumbo kuliko kilichomo. Mimi namwelewa kama msanii, ila nisingemkabidhi shangazi wa watu. Mtu aliyeondokewa haishi kwa sanduku lililofungwa. Anataka lifunguke, hata kama ndani mna huzuni.

Nolan anafungua. Ndiyo maana watu walilipa mwaka mzima mapema: wameshaona 2008, wakaona 2010, wakaona 2023. Tarehe imewekwa, na siku ikifika taa zitazimwa na utaona. Hata wakati wa korona, Tenet ilipoahirishwa kutoka Julai 2020 ikasogea na kusogea, mwishowe ilitoka mwezi Agosti na watu wa nchi kadhaa wakaingia ukumbini. Filamu yenyewe iliwachanganya wengi, hilo ni kweli, lakini walionyeshwa. Na kuna jambo jingine nalipenda kwake, ingawa linaweza kukuchekesha. Kwa Interstellar alitaka shamba la mahindi, na badala ya kuchora kwa kompyuta alipanda ekari 500 za mahindi ya kweli kule Kanada. Filamu ilipokwisha akauza mazao akapata faida. Huyo ni mtu ambaye ukichimba chini ya siri yake unakuta mahindi.

Simeoni yule wa Luka sura ya pili alingoja mpaka uzee, na alipowekewa mtoto mikononi alijua ni yeye. Sijui alijuaje. Lakini naona hakumkubali kila mtoto aliyeletwa hekaluni kabla ya siku hiyo.

Turudi kwa familia yetu. Shangazi alikaa Jumapili mbili bila kuja kanisani. Ya tatu akaja, akakaa mbele, hakunipa mkono. Nikaenda kumtembelea nyumbani. Hatukuzungumza habari za simu. Tuliongea kuhusu bei ya mkaa. Nilipokuwa naondoka akaniuliza, bila kuniangalia, "Pasta, yule mama wa kwenye hadithi ya kijana, alingoja miaka mingapi?" Nikamwambia ishirini. Akahesabu kwa vidole, akanyamaza.

Tuliandika taarifa pamoja kwa polisi kuhusu ndugu yake aliyepotea, jambo ambalo kwa miaka 13 hakuna aliyekuwa amelifanya, kwa sababu kila mtu alidhani atarudi mwezi ujao. Kama una mtu wa namna hiyo, nenda kituoni na picha yake, nambari ya kitambulisho chake na tarehe mliyomwona mwisho, na udai nambari ya OB. Usitume pesa kwa mtu anayeanza kwa kusema usimwambie mtu. Muulize kitu cha waya. Kila familia ina kitu chake cha waya.

Kijana hajaniambia ni kitu gani alitengenezewa, nami sijamwuliza. Nimegundua hata shangazi hajui.

Kisanduku bado kiko chini ya kitanda. Tarehe 17 Julai ni Ijumaa, na nyinyi mnajua Ijumaa tuna kesha. Alikuja kuniuliza kwa woga kidogo itakuwaje, maana mitambo ya sauti haina mtu mwingine. Nikamwambia aende ile ya mchana. Thika Road ikikubali atakuwa amefika saa mbili usiku, na tunaanza saa tatu. Nimempa sharti moja tu: akiingia, awashe maikrofoni, akae kule nyuma, na asinimalizie muvi, kwa sababu na mimi nimeanza kuweka hamsini hamsini.

Kama una mtu unayemngoja, niandikie jina lake la kwanza hapa chini. Ijumaa hii tutayasoma yote.